Hataza za karne ya 19: uanze na seng'enge, pini, cherehani au mashine ya mahindi?

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi peke yake, kwa muda maalumu, haki ya alichobuni. Ofisi ya hataza ya Marekani ilianza kuzipa hataza namba mfululizo Julai 1836. Karne ile ilipokwisha, zilikuwa zimetolewa zaidi ya 600,000, na leo unaweza kuzifungua kwenye simu bila kulipa kitu. Unaandika US na namba kwenye Google Patents, mchoro unatokea. Ulinzi wake ulikwisha zamani. Zilizotolewa chini ya sheria ya 1836 zilidumu miaka 14, na mwenye hataza aliweza kuomba aongezewe 7. Kuanzia 1861 zikawa miaka 17. Hakuna wa kukudai hata shilingi ukitengeneza leo kile kilichochorwa humo.

Kwa mwalimu wa ufundi, kijana wa karakana, au mtu mwenye wazo lake anayetaka kujua hataza inaandikwaje, hiyo ni hazina. Shida ni mahali pa kuanzia. Wengi huanza na jina kubwa, simu ya Bell au taa ya Edison, wanakutana na kurasa za umeme zilizojaa herufi, wanafunga na hawarudi tena. Mimi nashauri uanze na kitu cha nyumbani au cha shamba, na uchague kwa kuangalia mambo mawili: je, kitu chenyewe unaweza kukishika mkononi huku unasoma? Na dai lake, linaeleweka bila kulirudia mara kumi?

Dai ni sehemu inayokuja mwishoni kabisa mwa maandishi, na ndiyo inayobeba sheria yote. Mchoro unaonyesha kitu kizima, maelezo yanasimulia kinavyofanya kazi, lakini dai ndilo linaloweka mpaka: hiki hapa ndicho changu, vingine vyote si vyangu. Mtu anayesoma mchoro tu huondoka akidhani Singer alivumbua cherehani nzima. Anayesoma dai anajua Singer aliomba nini hasa. Kwa hiyo soma mchoro kwanza, ruka mpaka mwisho usome dai, ndipo urudi kwenye maelezo ukifuata moja moja herufi zinazotaja sehemu za mchoro.

Nimeweka vitu vinne kwenye mizani, na viwili vingine nitavigusa kwa kupita.

Seng'enge ya Glidden, namba 157,124

Hii ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Joseph Glidden alikuwa mkulima wa DeKalb, jimbo la Illinois. Mwaka 1873, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya yake, mkulima mwenzake Henry Rose alionyesha ubao uliopigwa vipande vya waya vyenye ncha, wa kutundikwa kwenye ua ili ng'ombe asiusukume. Watu watatu waliouona ubao ule walirudi nyumbani kila mmoja na wazo lake: Glidden, muuza vifaa vya chuma Isaac Ellwood, na muuza mbao Jacob Haish. Glidden aliwasilisha maombi yake Oktoba mwaka huohuo, na hataza ikatoka tarehe 24 Novemba 1874. Ellwood alipoona ya Glidden inaishinda yake, alinunua nusu ya haki zake kwa dola 265.

Uzuri wake kwa msomaji ni kwamba ni fupi na dai lake ni moja. Kwa Kiswahili linasomeka hivi: waya wa ua uliosokotwa, wenye kipande cha waya wa mwiba D kilichokunjwa katikati yake kuuzunguka uzi mmoja wa waya huo, a, na kubanwa mahali pake na uzi wa pili, z, uliosokotwa pamoja na mwenzake. Basi. Ukiwa na kipande cha seng'enge mkononi unaweza kugusa kila neno la dai hilo: uzi a huu hapa, uzi z huu, D ndiyo miba. Shika mwiba mmoja ujaribu kuutelezesha kando. Hauendi. Unaouzuia si msumari wala gundi, ni ule uzi wa pili. Hilo ndilo alilolidai Glidden, wala si ncha kali. Ncha kali kwenye waya zilikuwepo kabla yake.

Hapo ndipo somo linapokuwa tamu. Mwaka 1868 Michael Kelly alikuwa amepata hataza namba 74,379 ya waya wenye miba ya bati: vipande bapa vyenye ncha, vimetobolewa na kutungwa kwenye waya. Zifungue mbili hizi pamoja, moja ya Kelly na moja ya Glidden, ujiulize tofauti iko wapi. Ni ndogo sana. Kelly anatunga vipande vya bati vilivyotobolewa, Glidden anazungusha kipande cha waya. Lakini waya unaweza kulishwa kwenye mashine na kukatwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na miba ya waya hukaa palepale ilipobanwa. Ugomvi juu ya tofauti hiyo ulifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1892 ilikubali kwamba tofauti ni ndogo na bado ikaipa hataza ya Glidden ushindi, kwa hoja kwamba katika mambo ya hataza hatua ya mwisho ndiyo inayoshinda. Wakati hukumu ile inatoka, hataza yenyewe ilikuwa imeshaisha muda miezi michache nyuma. Kilichokuwa kikigombaniwa ni fidia ya miaka iliyopita.

Kwa nini jambo dogo namna hii lilikuwa na thamani kubwa? Kwa sababu ya mahali. Nyika za kati za Marekani zina miti michache na mawe machache, na ua wa mbao uligharimu kupita uwezo wa mkulima. Waya mtupu ng'ombe aliuegemea mpaka ukalegea, na baridi kali iliukata. Waya uliosokotwa wa nyuzi mbili hustahimili zaidi kutanuka na kusinyaa. Mwaka 1876 kampuni ya Washburn & Moen ya Massachusetts ilimlipa Glidden dola 60,000 kwa nusu yake iliyobaki, pamoja na malipo kwa kila mzigo utakaouzwa. Seng'enge ikafunga nyika iliyokuwa wazi. Huko Texas, mwaka 1883, wafugaji waliozoea malisho na maji yasiyo na mwenyewe walikata nyua usiku, watu wakauawa, na bunge la jimbo likaufanya ukataji ua kuwa kosa la jinai. Mwalimu wa historia anayetaka kueleza migogoro ya wafugaji na wakulima atapata hapa mfano ambao wanafunzi wake hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Upungufu wake ni kwamba baada ya kuielewa hakuna cha kuendelea kuchokonoa. Haisogei. Haina chemchemi (springi) wala gurudumu. Anayetaka kujifunza mitambo ataichoka haraka.

Pini ya Walter Hunt, namba 6,281

Pini ya kufungia nepi na kanga, ile inayofunika ncha yake yenyewe, ilipewa hataza tarehe 10 Aprili 1849. Walter Hunt wa New York alikuwa mtu wa mawazo mengi na fedha kidogo. Inasimuliwa kwamba alikuwa na deni la dola 15, na kwamba haki zote za pini aliziuza kwa dola 400.

Ukiiweka kando ya seng'enge, pini ni rahisi zaidi kutengeneza na bei yake ni karibu na bure. Dai lake nalo linaeleweka: pini ya kipande kimoja cha waya, yenye chemchemi na kishikizo, ambapo ncha huingizwa kwenye kishikizo na kubakia humo kwa nguvu ya chemchemi hiyohiyo. Hunt anajivunia kwamba haina kiungo cha kuvunjika wala ekseli ya kulika. Maneno hayo yana uzito ukikumbuka vibanio vingi vya nguo vya zamani vilivyokuwa na bawaba.

Lakini kinachonifanya niiheshimu ni kile unachojifunza ukiitengeneza. Chukua plaizi na waya laini wa kufungia nondo. Kunja msokoto mmoja katikati, chonga ncha upande mmoja, upande wa pili kunja kishikizo. Umbo litatoka sawasawa na mchoro, na pini haitafanya kazi. Ukiibana inabaki imebanwa, hairudi. Sasa rudia kwa spoku ya baiskeli. Vidole vitauma kuikunja, lakini ukiiachia inaruka kurudi mahali pake. Umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni ugumu wa waya, na mchoro hauonyeshi ugumu. Sijui njia fupi zaidi ya kumfundisha mwanafunzi kwamba hataza haitoshi peke yake bila ujuzi wa fundi.

Kwa darasa la dakika 40, pini inaishinda seng'enge. Kwa mtu anayetaka kuelewa sheria, seng'enge inaishinda pini, maana pini haikuacha nyuma yake kesi kubwa ya kulinganisha. Zaidi ya hapo, Warumi walikuwa na vibanio vya nguo vyenye chemchemi ya waya karne nyingi kabla, kwa hiyo swali la upya wake linahitaji mwalimu mwenye subira.

Cherehani: hapa si hataza moja

Atakayechagua cherehani ajue anachagua kundi. Hakuna hataza moja ya cherehani, na huo ndio utajiri wake na ugumu wake. Kama una cherehani ya kukanyaga nyumbani, au jirani yako ni fundi nguo asiyekasirika ukifungua bamba la mashine yake, naiweka hii mbele ya zote kwa mtu anayependa mitambo. Kama huna, usianze nayo. Michoro yake bila mashine mkononi ni msitu.

Anza na Elias Howe, namba 4,750, ya tarehe 10 Septemba 1846. Dai lake kuu linaunganisha sindano yenye tundu karibu na ncha na kichombo kinachopitisha uzi wa pili upande wa pili wa kitambaa. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Hii ina tundu mbele, kwa hiyo haihitaji kupita yote na kutokea upande wa pili. Inachoma, inarudi kidogo, uzi unafanya kitanzi, kichombo kinapita ndani ya kitanzi, nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Cherehani ya kawaida ya fundi mtaani bado inashona mshono huohuo. Lakini mashine ya Howe yenyewe ungeikataa dukani: sindano yake imepinda na inakwenda kwa mlalo, na kitambaa kinaning'inizwa kwa wima kwenye bamba lenye vijipini. Bamba likifika mwisho, lazima usimamishe mashine na kukipachika kitambaa upya.

Isaac Singer, namba 8,294, ya tarehe 12 Agosti 1851, aliinyoosha sindano, akaisimamisha wima, na kitambaa akakilaza mezani. Hapa msomaji wa madai atashangaa. Tafuta kanyagio la miguu kwenye madai yake: halimo. Sindano yenye tundu kwenye ncha haimo pia, ilikuwa ya Howe. Alichodai Singer ni mambo madogo ya ndani, namna kichombo cha uzi kinavyosogea na namna uzi unavyoshikwa usilegee. Howe alimshitaki na mwaka 1854 Singer akalazimika kumlipa dola 15,000.

Kwangu mimi, hataza bora katika kundi zima ni ya mtu ambaye wengi hawajamsikia. Allen B. Wilson, namba 12,116, ya tarehe 19 Desemba 1854. Fungua bamba dogo lililo chini ya sindano la cherehani yoyote ya leo, futa vumbi la nyuzi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Utaona meno madogo yanainuka juu ya bamba, yanasukuma kitambaa mbele, yanashuka, yanarudi nyuma chini kwa chini. Miendo minne, halafu tena. Ni kazi ya Wilson, na bado iko mle ndani. Ndiyo inayomwezesha fundi kukata kona na kufuata mviringo wa shingo ya gauni, jambo ambalo bamba la Howe lisingeliweza kamwe. Soma hataza ile huku gurudumu likizunguka kwa mkono wako wa kulia, na kila sentensi itapata mahali pake.

Kisha, kwa kulinganisha, soma ya James Gibbs, mkulima wa Virginia, namba 17,427, ya tarehe 2 Juni 1857. Mashine yake hutumia uzi mmoja tu na kufanya mshono wa mnyororo. Ujue tofauti yake kwa kuangalia mdomo wa gunia la nafaka au mfuko wa chakula cha mifugo: ukipata mwanzo sahihi wa uzi na kuuvuta, mshono wote unafumuka kwa mkupuo. Huo ni mshono wa jamii ya mnyororo. Mshono wa Howe haufumuki hivyo. Anayeuliza kati ya hizi mbili ipi ni bora anauliza vibaya. Kwa suruali unataka ya Howe, kwa gunia litakalofunguliwa sokoni unataka ya Gibbs.

Sasa, kwa upande wa sheria, cherehani ina kisa ambacho seng'enge haina. Mpaka katikati ya miaka ya 1850 hakuna aliyeweza kutengeneza mashine nzuri bila kukanyaga hataza ya mwenzake. Howe alikuwa na sindano, Wilson meno, Singer na kampuni ya Grover & Baker vipande vingine. Kila mmoja akimshitaki mwenzake, hakuna ambaye angeuza. Mwaka 1856 walikubaliana kuziweka hataza zao kapu moja, na kila mtengenezaji alipe dola 15 kwa kila mashine, Howe akipata 5 kati ya hizo. Kapu lile lilidumu mpaka 1877, hataza ya mwisho ndani yake ilipokwisha muda. Anayefuatilia leo jinsi kampuni za simu zinavyobadilishana haki za hataza atalitambua jambo hili mara moja.

Walter Hunt wa pini anarudi tena hapa. Miaka ya mwanzo ya 1830 alikuwa ametengeneza mashine ya kushonea yenye sindano ya tundu kwenye ncha na kichombo cha uzi wa pili, zaidi ya miaka kumi kabla ya Howe, wala hakuiombea hataza. Singer alipobanwa na Howe, upande wake ulimtafuta Hunt ili kuonyesha kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Ilikubalika kwamba Hunt alitangulia, lakini alikuwa ameiacha mashine yake kwa miaka mingi mno, na haki ikabaki kwa Howe. Inauma kuisoma, na inamfaa sana kijana aliyefungia wazo lake kabatini akisubiri siku nzuri. Kwa sababu hiyo ninapenda pini na cherehani zisomwe pamoja, ya kwanza ikiwa mlango wa kuingilia ya pili.

Mashine ya kupukuchua mahindi

Hapa namsemea fundi wa kuchomelea, si msomaji wa sheria. Lester Denison wa Connecticut alipata hataza tarehe 12 Agosti 1839 ya mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi, ikitumia mitungi ya chuma yenye meno: unaingiza gunzi, meno yanalivuta na kuzitoa punje. Baada yake wakaja wengine wengi sana wenye mashine za namna hiyo, karne nzima, na hiyo ni faida kwako: badala ya mchoro mmoja una maktaba ya majaribio ya kutatua tatizo moja.

Tatizo lenyewe unalijua kama umewahi kupukuchua kwa vidole mpaka ngozi ya dole gumba ikachubuka, au kuyapiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Fimbo ni ya haraka lakini huvunja punje, na punje iliyopasuka hushambuliwa na wadudu mapema na haifai kuwa mbegu. Mashine inatakiwa kushika gunzi kwa nguvu ya kutosha kuzing'oa punje bila kuzipasua, na magunzi hayalingani unene. Ukizipitia hataza za miaka iliyofuata, angalia sehemu moja tu: namna kila mmoja alivyoiachia nafasi ya gunzi kutanuka na kubana. Wengi huweka bamba linalosukumwa na chemchemi, ili gunzi nene lipite na jembamba lisiponyoke. Chemchemi hiyo ikikaza mno, punje zinavunjika. Ikilegea, magunzi yanatoka na punje zake.

Ukiipima na nyingine tatu, hii inashindwa kwenye kigezo changu cha dai. Maandishi yake ni mazito, na hataza zake ni nyingi hata hujui ushike ipi. Lakini ndiyo pekee ambayo ukiimaliza utakuwa na kitu cha kuuza Jumamosi. Vyuma chakavu vinatosha kwa sehemu kubwa: gurudumu zito la kutunza mwendo, mkono wa kuzungushia, sahani iliyochomelewa vipande vya nondo kama meno, na chemchemi. Ikiwa karakana yako ina wanafunzi na mashine ya kuchomelea, acha pini, acha seng'enge, anza hapa.

Mtego wa panya kwa upesi

William Hooker wa Abingdon, Illinois, alipata namba 528,671 tarehe 6 Novemba 1894 kwa mtego wa ubao na chemchemi ambao hata leo unauzwa madukani bila kubadilika sana. Unaweza kuutumia badala ya pini kama darasa lako ni la watoto wakubwa kidogo, kwa kuwa unaonyesha chemchemi pamoja na kifyatuo. Siuweki juu ya pini kwa sababu moja: unavunja vidole.

Usianze na mashine ya kuvuna

Vitabu vingi vya shule humtaja Cyrus McCormick wa Virginia na mashine yake ya kuvunia ngano, hataza ya tarehe 21 Juni 1834, na walimu huvutwa nayo. Kwa kuanzia haifai. Ni mashine kubwa ya kukokotwa na farasi ambayo hutaweza kuishika wala kuijenga, na Obed Hussey alikuwa amepata hataza ya mashine yake ya kuvuna tarehe 31 Desemba 1833, kwa hiyo unaingia moja kwa moja kwenye mabishano. Pia ni ya kabla ya namba mpya, na hati za wakati huo ziliungua. Tarehe 15 Desemba 1836 moto uliteketeza jengo la ofisi ya hataza mjini Washington pamoja na takriban hati 10,000, na zilizorejeshwa baadaye kutoka kwa wenyewe ni chache.

Ila kama unachofundisha ni historia ya watu, ubadilishe uamuzi. Katika shamba la McCormick, Jo Anderson, mtumwa wa familia ile, alifanya kazi pamoja naye kuijenga mashine, na jina lake halimo kwenye hataza. Mwaka huohuo wa 1834, tarehe 14 Oktoba, Henry Blair wa Maryland, mtu mweusi, alipata hataza ya mashine ya kupandia mahindi, na mwaka 1836 nyingine ya kupandia pamba. Blair aliweza. Lakini mwaka 1858 mwenye shamba mmoja wa Mississippi, Oscar Stuart, aliiandikia serikali akitaka hataza ya kifaa cha shamba la pamba kilichobuniwa na mtumwa wake aitwaye Ned. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Jeremiah Black, akaamua kwamba uvumbuzi wa mtumwa haupewi hataza kabisa: Ned hakuhesabiwa kuwa raia hata aape kiapo cha mvumbuzi, na Stuart hakuwa amevumbua kitu. Kila unapofungua hataza ya kilimo ya kusini mwa Marekani ya kabla ya 1865, soma jina lililo juu ukijua hivyo.

Kwa anayetaka kuomba hataza yake

Wewe usichague moja, chagua jozi. Kelly ya 1868 na Glidden ya 1874, usome zote mbili mpaka uweze kueleza kwa sentensi moja kilichoongezwa. Maana ukifika kwenye ofisi zinazopokea maombi ya hataza, KIPI kule Kenya au BRELA Tanzania, ndicho utakachoulizwa: kipi hapa ni kipya? Mashine ya kupukuchua mahindi kama ilivyochorwa miaka ile huwezi kuiombea hataza, imeshajulikana dunia nzima. Lakini chemchemi yako inayojirekebisha kwa gunzi jembamba la mbegu ya kwenu inaweza kupita, ikiwa hakuna aliyeichora kabla yako. Zipitie zile za zamani kwanza, ukianzia na michoro. Kisha andika dai lako kwa mtindo wa Glidden: kitu ni nini, kina sehemu zipi, sehemu ipi inashikwa na ipi. Na kabla hujakionyesha kifaa chako kwenye maonyesho au kukiweka mtandaoni, peleka maombi, kwa sababu ukikitangaza mwenyewe mapema unaweza kukipunguzia upya wake mbele ya sheria.